Nzi Waliozimia

Soko lilikuwa limefurika, watu wanakanyagana, na katikati ya vurugu hiyo dada mmoja wa gauni la kijani, miwani imemteremka puani, alikuwa akigombania ndizi mbovu. Si zilizoiva. Mbovu kabisa, nyeusi tititi, zinatoa maji.

"Hizo nilitaka kuzitupa, dada yangu," muuzaji alisema. "Chukua nzuri."

"Nzuri hazinifai. Nipe hizo hizo."

Nyuma yake kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu aliangua kicheko. "Samahani, dada. Huyo mgeni unayemchukia hivyo ni nani?"

"Si mgeni. Ni nzi wangu," alijibu bila kugeuka. Kisha akageuka, na hapo mambo yakaharibika, maana kijana alikuwa na tabasamu lisilo na haraka, na dada wa watu alisahau hata kudai chenji.

Kijana alimbebea kikapu mpaka kazini kwake. Njiani akajua kwamba dada huyo ni mtafiti, anafuga nzi wadogo kwenye chupa ili ajue buu anavyopata mabawa. Naye kijana akajieleza: fundi wa viyoyozi. Tangu siku hiyo yeye akawa Bwana Baridi, na mtafiti akawa Mama Nzi.

"Mama Nzi, watoto hawajambo?" alikuwa akimpigia simu mchana.

"Wameshiba, wanamuulizia baba yao."

"Waambie baba yuko juu ya paa la watu, jua linamchoma, lakini anawawaza. Mama yao zaidi."

"Shuka huko, usije ukaanguka ukaniacha na yatima wote hawa!"

Mapenzi yakakolea mpaka Mama Nzi akamwambia mama yake mzazi, na mama akaagiza kijana aletwe nyumbani Jumapili aonekane sura. Bwana Baridi akanunua shati jeupe. Lo, alivyolipiga pasi!

Ijumaa, siku mbili kabla, kiyoyozi cha maabara kikaanza kukohoa, akaitwa nani? Yeye. Mama Nzi alikuwa kwenye kikao na wakubwa wake. Fundi akazima mashine, akapanda juu. Jua la mchana likapiga vioo vya chumba kile mpaka kikawa tanuri. Aliposhuka, nzi wote walikuwa chali ndani ya chupa, miguu juu. Akagonga chupa. Akapuliza. Akawaomba. Wapi!

Kazi yote ya mpenzi wake, miaka na miaka, na yeye ndiye aliyeiua! Alikuwa mtu wa kutembea ukingoni mwa ghorofa bila wasiwasi, lakini kumngoja Mama Nzi hakuthubutu. Akawasha mashine, akatoka mbio, hata sanduku la vifaa akaliacha. Simu akaizima.

Mama Nzi aliporudi alikuta chumba baridi, nzi wake wanarukaruka, na sanduku lisilo na mwenyewe. Akapiga simu. Haipatikani. Jumamosi, haipatikani. Jumapili mama aliandaa meza na kiti kikabaki kitupu.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Kazini, mama."

"Jumapili?"

Binti akaingia bafuni, akafungulia bomba, akalia. Aliona wazi: kijana ameogopa ndoa, amekimbia. Na yeye alikuwa amempenda kwelikweli.

Jumatatu alivaa gauni jekundu, akapaka rangi ya midomo kama wanawake wanavyofanya wakienda kuachana na mtu, akalibeba sanduku mpaka karakana ya fundi. Akalibwaga chini, vyuma vikalia.

"Vitu vyako hivyo. Ungenitamkia tu hunitaki, nisingekufa."

Bwana Baridi hakuinua uso. "Nisamehe, mpenzi. Ningekutazamaje na nimekuulia nzi wako wote?"

"Umeua nini?"

"Nzi. Ijumaa. Nilizima mashine, joto likawamaliza."

Mama Nzi akamkodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka machozi yakaharibu wanja. "Mjinga wewe! Kumbe ni hilo tu? Njoo."

Akamshika mkono, akamvuta mpaka maabara. Akachukua chupa moja, akaiweka kwenye maji ya moto kiasi. Nzi wakaanguka chali. Fundi akafumba macho. Mama Nzi akaihamishia kwenye maji baridi. Mguu ukatikisika. Mmoja akasimama, wakafuata wengine, wakaruka.

"Wamezimia tu," alisema. "Ndivyo walivyozaliwa hawa. Ngozi ya seli humeza ujumbe unaoifikia. Mwingine humezwa ili ufanye kazi, mwingine humezwa ili unyamaze. Hawa wakipata joto, kumeza kunasimama. Mishipa ya fahamu inazima."

"Na mabuu?"

"Wanakua hawajaambiwa vizuri wawe nini. Mabawa yanatoka yamemegeka. Unajua, seli mbili jirani zinashikana, na ile inayosema lazima imvute mwenzake, imvute hasa, ndipo asikie. Isipovuta, haijasema kitu. Hayo ndiyo nilitaka kuyaona. Wiki hii ningewapasha joto mwenyewe!"

Bwana Baridi akashusha pumzi ndefu, akaketi sakafuni. "Basi niliyezimia ni mimi. Simu zako zote ziligota mlangoni."

"Ndiyo maana nimekuja kukuvuta."

"Basi usiniachie, laazizi. Nivute mpaka kwa mama. Safari hii nakuja kuposa."

Mama Nzi akampigia mama yake simu, akamsogezea sikioni.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye yule wa Jumapili. Naomba nije kumposa binti yako."

Fundi akaibana simu sikioni.

"Marahaba," mama akasema. "Kiti chako sijakiondoa. Ila uje na vifaa, feni yangu imekufa."

Wakatazamana. "Haijafa, mama," fundi alisema, na Mama Nzi alikuwa bado amemshika mkono. "Imezimia tu. Nakuja."