Chancelle na Boti ya Lubunga

Kila Jumatano Chancelle alipotoka shule alivua yunifomu, akala wali na pondu ya majani ya muhogo, akaosha sufuria, kisha akaenda mbio kwenye kibanda cha tonton Léon, mjomba wa watoto wote wa mtaa. Watu walichaji simu hapo, na hapo ndipo tonton alipoendesha mashindano ya mchezo wa vita vya kisiwani. Timu zilipambana kwa mtandao, kila moja ikiwa upande wake wa mto.

Siku hiyo ilikuwa nusu fainali. Chancelle, nahodha wa miaka kumi na mitatu, alikuwa na mbinu moja tu: kukimbilia kilima cha katikati, kunyakua silaha na kuwangoja wapinzani wapande. Hakuna aliyewahi kuwang'oa hapo. Yeye na wenzake watatu wakapanda, wakangoja. Timu ya Lubunga, mtaa wa ng'ambo ya mto, iliyoongozwa na mvulana aitwaye Waziri, haikuonekana dakika kumi nzima. Ghafla risasi zikatoka nyuma yao, na wote wanne wakafa mchezoni kabla hawajageuka.

Chancelle alipiga meza ngumi, simu zikaruka.

"Tonton, bale batu beko bezi! Balitia application ya kujificha mu telefone!"

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika! Ubafukuze!"

Hakuwa na hakika hata chembe. Alikuwa na hasira tu, na hasira ilimtosha.

"Bon," tonton Léon akasema, akawaandikia Lubunga kwamba wanashutumiwa wizi na wangoje. "Video ya mchezo, ya timu zote mbili, iko mu telefone yako. Angalia, uniambie. Kama ni kweli, Waziri na timu yake beko inje, na fainali iko yako. Mimi ninakuamini."

Chancelle akaketi nje ya kibanda, akafungua video kuutafuta wizi. Akaona boti. Lubunga walikuwa wamepanda nayo mto wa mchezoni hadi juu kabisa, wakazima injini, na maji yakawateremsha kimya hadi nyuma ya kilima. Hivyo ndivyo watu wanavyovuka kwenda Lubunga kila asubuhi: pirogi, mtumbwi wa kuvukia, hupanda kwanza kando ya ukingo, kisha mkondo huishusha hadi gatini. Baba yake alikuwa mvuvi wa Yanonge, kando ya mto huohuo. Yeye mwenyewe alikuwa amevuka hivyo mara ngapi! Na boti ya mchezoni aliiona pambo tu.

Hasira ikazidi, maana sasa haikuwa na pa kwenda. Angeifuta video ile, nani angejua? Kidole kilikuwa tayari. Lakini maneno ya tonton, kwamba anamwamini, yalimzuia. Akaingia ndani na kumtupia simu mezani.

"Balitumia boti. Lakini si haki, tonton! Hakuna mutu anapitaka ku mayi!"

"Sheria yetu inakataza?"

"Hapana."

"Na ninyi mulikuwa na boti?"

"Tulikuwa nayo," akasema, machozi yakimtoka kwa uchungu.

"Alors, sikiliza, mutoto yangu. Mwenye kutia application ya wizi anakunyima nafasi. Lakini mwenye kupita njia yenye wewe uliacha wazi, hakukuibia kitu. Amekushangaza, hiyo njo mchezo. Kasirika, sikukatazi. Lakini usimuite mutu mwizi juu tu ya kukushinda."

Chancelle akachukua simu, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la timu zote. Sauti ilikuwa kali kama ya mtu anayegombana.

"Waziri, nilisema kwa tonton muko bezi. Nilisema bongo, haikuwa kweli. Mulitushinda. Fainali iko yenu."

Jibu la Waziri lilifika upesi. "Asante. Hapa tulikuwa tunaogopa kufukuzwa bila kosa. Dada yangu analia toka saa ile."

Chancelle hakuwa amefikiria kwamba upande wa pili kulikuwa na mtu wa kulia.

"Tonton, bado niko na hasira."

"Juu ya nani?"

"Juu yangu."

"Hiyo ni nzuri," tonton Léon akasema. "Hiyo haimuumizi mutu bure, na itakufundisha kucheza."