Herufi Iliyodondoka

Hodi ilipigwa mchana kweupe, tena kutoka ndani ya chumba cha baridi, ambako hapakuwa na mtu, ni mizoga tu iliyoning'inizwa. Karani wa machinjio aliisikia akiwa mezani pake. Alidhani ni mdogo wake, mkata nyama waliyemwita Shoka, na utani wake usioisha.

"Acha mzaha, nina kazi," alisema bila kugeuka.

Kazi yenyewe alikuwa akiionea fahari. Kila mzoga ulipopita kwenye mizani, mizani iliandika uzito wake ndani ya faili la maandishi, mstari mmoja kwa mzoga mmoja. Zamani aliyahamishia hayo yote kwenye jedwali la kompyuta kwa mkono, mpaka vidole vinakufa ganzi. Sasa alikuwa amejitungia makro. Ukibofya kitufe, yenyewe inasoma mstari, inaupeleka kwenye jedwali, inarudi kuchukua mwingine, hadi faili liishe. Kitufe alitaka kukiandika INGIZA, lakini alikuwa akipiga soga kwenye simu, na herufi ya Z ikamdondoka.

INGIA. Akabofya.

Sasa fikiria mwenyewe. Kiumbe kinachopenda damu kimekaa nje ya maisha ya watu miaka yote hiyo, kinabisha na hakijibiwi, leo kinaambiwa ingia, na kila mstari kinaambiwa tena.

Kwanza ilikuja harufu ya damu ya moto, ndani ya chumba chenye barafu. Kisha msumeno wa umeme ukajiwasha, na Shoka, kijana aliyekuwa akiomba radhi hata akikukanyaga kiatu, akamkamata msimamizi wa machinjio shingoni, akamlaza juu ya meza kama anavyolaza paja la ng'ombe, akausukuma mkono wa msimamizi kwenye meno ya msumeno taratibu, huku akitabasamu, mpaka mkono ukaangukia ndooni na vidole vyake bado vinachezacheza.

Wanaume walimfunga kwa minyororo ya kuning'inizia nyama. Msimamizi alikimbizwa hospitali. Karani alimpigia simu shangazi yao, mganga wa kupunga majini, naye akaja amevaa kandambili za nyumbani.

"Nani kakuleta?" shangazi alimnong'oneza yule aliyekuwa ndani ya Shoka.

"Nimekaribishwa," ilijibu sauti nzito. "Na dada yake."

Karani alitikisa kichwa. "Shangazi, sijamwambia mtu kitu. Nimebofya tu." Ndipo alipokitazama kitufe, akaliona neno alilokiandika.

"Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie toka. Mara moja tu, mwanangu, halafu nyamaza. Asipotoka sasa, mdogo wako hafiki jioni."

Karani alifuta neno, akaandika TOKA, akabofya. Hofu ilimsahaulisha kitu anachokijua kuliko wote pale: makro haisemi mara moja.

Mstari wa kwanza ulipopita, jini lilimtoka Shoka kwa kishindo kilichovunja madirisha, na kijana akafumbua macho yake mwenyewe, akaita, "Dada," lakini makro ilikuwa imesharudi kuchukua mstari mwingine, na kwa kuwa jini halikuwemo tena ilitoa kilichokuwemo, damu puani na masikioni, kisha kucha, kisha meno, yakidondoka sakafuni moja baada ya jingine huku karani akigongagonga kibodi na kulia na kompyuta haimsikii, mpaka akajitupa chini ya meza akang'oa waya ukutani, wakati ulimi wa mdogo wake umeshafika kifuani.

Shoka hakufa. Shangazi alimfunga majeraha, akamvuta karani pembeni.

"Umemtoa," alisema, "ila umeacha nafasi kubwa."

Karani aliacha kazi, akawa anamlisha uji kwa kijiko. Hakuweza kumtazama mdomoni bila kulia. Shoka naye, asiyeweza tena kutamka neno, alimpapasa mkono, kumwambia yameisha.

Mchana mmoja karani alirudi nyumbani kutoka dukani, mikono imejaa mifuko. Alisukuma mlango kwa kiwiko, na kwa mazoea tu akasema, "Hodi."

"Ingia," ilijibu sauti ya Shoka.