Anyesi Si Ng'ombe wa Kuwekwa

Asubuhi nyumbani kwa Mzee Filemon, huko Old Moshi juu ya Kiboriloni, ilianza na ng'ombe. Ng'ombe wa mlimani hawaendi malishoni. Wao hukaa zizini, na majani huwafuata humo. Kwa hiyo Mama Tereza na Anyesi waliamka mapema, wakakata majani ya migomba, wakayabeba kichwani. Mzee Filemon alikamua maziwa huku akiwasemesha ng'ombe kwa upole ambao hakuwapa binadamu mara nyingi.

Ng'ombe mmoja hakuwa wake. Alikuwa wa rafiki yake, Aristides. Hiyo ni desturi ya siku nyingi Uchaggani. Mwenye ng'ombe wengi humweka mmoja kwa mwenzake. Huyo mwenzake humlisha, hunywa maziwa, na samadi huipeleka kwenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Mwenyewe akimtaka ng'ombe wake, hurudishiwa akiwa amenona. Kumrudisha akiwa amekonda ni aibu.

Anyesi naye hakuzaliwa katika nyumba hiyo. Mama yake alitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, kule tambarare. Aliugua, akafa, na ndugu zake hawakupatikana. Anyesi alikuwa bado mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota. Bibi Zita, mfanyakazi wa Ustawi wa Jamii, alimpandisha mlimani akimshika mkono. Alisimama mlangoni kwa Filemon, akasema, "Mzee, mtoto huyu tunamweka kwako mpaka afikishe miaka kumi na minane."

Filemon alilishika neno hilo: tunamweka. Kwake lilikuwa na maana moja tu.

Miaka ikapita. Anyesi akaota meno, akasoma, akajifunza Kichagga mpaka akawa anatania nacho. Tereza alizoea kumwita Mae, yaani mama. Mwaka 1976 akakaribia kutimiza miaka kumi na minane. Mwaka huo mambo ya nyumbani yalikuwa magumu. Ugonjwa ulikuwa umeshika kahawa, na goti la Filemon lilikuwa limevimba. Wenyewe walikula makande makavu. Lakini Anyesi alipewa maziwa, mtori wa ndizi na kipande cha nyama kila kilipopatikana. Akiuliza kwa nini, Filemon alimjibu, "Kula."

Alikuwa anamnonesha ili amrudishe.

Tereza alijua. Alikuwa akilia karibu na jiko, apate kusingizia moshi. Usiku mmoja alimwuliza mumewe kama hawawezi kuomba wabaki na mtoto. Filemon aliuliza ni nani aliyewahi kusikika akiomba kubaki na ng'ombe wa mwenzake. Hapo mazungumzo yakaisha.

Anyesi naye hakuwa kiziwi. Majirani walisema mtoto wa serikali sasa anarudi serikalini. Aliogopa sana. Hakujua serikali inalala wapi, wala kama ina kitanda.

Siku ilipofika, Filemon alivaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo. Anyesi alibeba furushi lake. Walishuka mpaka Kiboriloni. Hapo Anyesi aligeuka. Mawingu yalikuwa yameondoka, na mlima wote ulionekana, mweupe juu, mkubwa kuliko alivyowahi kuuona. Alikuwa ameishi mgongoni mwake miaka yote bila kujua ukubwa wake. Machozi yalimtoka.

Ofisini Moshi, Bibi Zita alisimama kuwapokea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kurudisha amana. Mwangalie. Hana kovu, hajakonda, na anasoma. Asije mtu akasema Filemon alitumia vibaya mali ya watu."

Bibi Zita aliwaangalia wote wawili. Alikaa taratibu. Aliuliza ni nani aliyemwambia amrudishe. Filemon alijibu kwamba ni yeye mwenyewe Zita, pale mlangoni, aliposema wanamweka.

"Mzee wangu," alisema Zita, "nilisema tunamweka kwako ili apate nyumba. Miaka kumi na minane si siku ya kumrudisha. Ni siku ya sisi sote kuanza kumsikiliza mwenyewe."

Filemon aliilaza fimbo yake sakafuni. Kisha akasema, "Basi wewe ulisema kwa Kiswahili, na mimi nikasikia kwa Kichagga."

Kuuliza si ujinga, lakini mzee huyu alikuwa amekaa miaka yote hiyo bila kuuliza. Bibi Zita hakumcheka. Alieleza polepole. Kijana aliyelelewa nje ya ukoo wake, anapokuwa mtu mzima, haachwi barabarani. Hutafutiwa mafunzo ya kazi na mahali salama pa kulala. Mtu wa Ustawi humtembelea na kumshauri mpaka aweze kusimama. Na walezi wakielemewa, nao huja kusema mapema. Hapo Filemon akataja goti lake na kahawa yake, naye Zita akamwambia goti huangaliwa hospitali. Kahawa ina bwana shamba wake.

Kisha akamgeukia Anyesi. "Wewe unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo. Alishikilia furushi kwa nguvu.

"Nataka kujifunza kushona," alisema. "Ila nataka kujua kwanza. Nikienda, nina ruhusa ya kurudi nyumbani?"

Filemon alinyoosha mkono, akachukua lile furushi, akaliweka magotini pake mwenyewe.

Anyesi aliingia chuo cha ushonaji mjini, akilala hosteli ya wasichana. Bibi Zita alimtembelea. Kila Jumamosi Anyesi alipanda mlimani kwenda nyumbani. Bwana shamba alifika, akawaonyesha namna ya kupogoa na kupiga dawa, na kahawa ikaanza kupata nafuu. Goti likatibiwa. Filemon aliwaeleza wengine kanisani kosa lake, akiwashauri waulize wasipoelewa neno.

Ikaja Krismasi. Ukoo wote ulikusanyika, mbuzi akachinjwa. Mlimani nyama haigawiwi ovyo. Baba ana fungu lake, mama lake, binti wa nyumba lake, mgeni lake. Eliamini, mdogo wake Filemon, ndiye aliyekuwa akikata. Alipofika kwa Anyesi alisita, akauliza kama amkatie fungu la mgeni.

Filemon alinyanyuka, akachukua kisu. Alikata fungu la binti, akaliweka juu ya jani la mgomba, akampa kwa mikono miwili.

Watoto waliacha kucheza, wakaja kuangalia. Anyesi alilipokea, na Tereza safari hii alilia mbele za watu.

Eliamini alimtazama kaka yake, kisha akamtazama msichana. Akauliza binti wa nyumba anarudi mjini siku gani, ili wamkatie ndizi za kwenda nazo.