Pumzi Iliyofungiwa kwenye Barafu

Habari hii uliisikia. Usinitazame hivyo, uliisikia. Redio ilisema watu watatu wamepotelea kwenye barafu, nawe ukanyoosha mkono kutafuta muziki. Leo utakaa usikilize.

Walikuwa juu milimani, kwenye uwanda wa barafu usio na mti wala jiwe. Kiongozi wao alikuwa mpimaji, mwanamke waliyemwita Mama Barafu. Fundi aliendesha keekee, mashine inayotoboa chini na kurudi na kipande kirefu cha barafu, mviringo kama mguu wa meza. Wa tatu alikuwa shemeji yake Fundi, kaka wa mkewe, mpishi na mbebaji, mwenye mdomo usiojua likizo.

Walitafuta barafu iliyoganda zama zile dunia ilipokuwa jokofu. Na hapa ndipo huwa unapiga miayo, basi funga mdomo: wastani wa joto la dunia nzima ulishuka kama digrii sita. Sita tu! Kwako ni tofauti ya alfajiri na saa nne asubuhi. Sita hizo zilipokaa, zikalaza barafu nene ya kilomita na zaidi juu ya nchi ambazo leo zina barabara na shule. Bahari ikanywewa hadi ikashuka zaidi ya mita mia.

Mama Barafu alikuwa na amri moja: moto usisogee karibu na shimo, maana joto na moshi huharibu barafu. Kwa hiyo hema, jiko na mafuta vilikaa mbali, ng'ambo ya uwanda, nao walikwenda kazini na chupa moja ya chai. Amri ile ilikuwa na akili mpaka upepo ulipogeuka. Hapo ikawa kitanzi.

Keekee ilikuwa inapanda na kipande cha chini kabisa dhoruba ilipofika, nyeupe, nzima kama ukuta. Mlingoti wa keekee ukayumba. Fundi alikikumbatia kipande kisivunjike, mlingoti ukamwangukia. Mfupa ulilia chini ya goti, na wote waliusikia hata kwenye upepo ule.

Wakamburuta kwenye handaki walilochimba thelujini kuhifadhi vipande. Nusu ya handaki ilikuwa imeshaporomoka, vipande vyote vimezikwa. Shemeji akavunja mbao za sanduku, akaufunga mguu kwa mkanda wake.

"Usilale, shemeji."

"Silali. Nafikiri."

"Wewe? Ndiyo maana umechoka."

Chai ikabaki funda moja. Midomo ilipasuka. Shemeji akachota theluji kwa kiganja, Mama Barafu akampiga mkono.

"Usiile! Itakula joto lako kwanza. Na ukiijaza chupani hupati hata funda, ni hewa tupu. Tunataka barafu."

Barafu iliyofikika ilikuwa moja, ile iliyokuwa kifuani mwa Fundi.

"Mama, hiki nimekivunjia mguu," alisema Fundi.

"Ndiyo. Kwa hiyo utakinywa."

Mwanamke aliyekuwa akifukuza watu wasikipumulie hata kipande kimoja, alikipasua mwenyewe kwa kisigino cha shoka. Akatia vigae kwenye ile chai, akaibana chupa tumboni, chini ya nguo zote. Muda ukapita. Kisha tumboni mwake mkaanza kulia. Ta. Ta-ta.

"Nani anatafuna?" Fundi akauliza.

"Hewa. Ilifungiwa humo zama zile. Inatoka."

"Inakwenda wapi?"

Walikuwa wanapumua.

Homa ikampanda Fundi. Akaonyesha kona tupu ya handaki. "Waambie wasogee. Wamekaa kwenye baridi." Shemeji, bingwa wa kejeli, alitazama pale. Halafu akasogea, akaacha nafasi.

Upepo ulipolegea, weupe haukuondoka. Bendera za njia zilikuwa zimefunikwa. Mama Barafu akavua glavu, akapiga magoti, akapapasa theluji.

"Upepo wa huku huchonga matuta upande mmoja. Tulikuja tukiyakata. Tutarudi tukiyakata vilevile."

Akatambaa mbele akisoma kwa viganja vitupu. Shemeji akafuata, akimvuta Fundi juu ya kifuniko cha sanduku. Kila waliposimama walisikia chupa ikilia, ta, ta, kama mtu anayewafuata kwa ustaarabu. Ngozi ya vidole ikabaki kwenye matuta. Mwishowe bega la Mama Barafu likagonga kamba ya hema.

Waokoaji waliwakuta wamezunguka jiko.

Fundi leo anatembea na gongo. Mama Barafu amepoteza ncha za vidole viwili. Shemeji amepungukiwa maneno. Dada yake akitia barafu kwenye juisi, yeye huinuka na kutoka nje.

Kipande kile hakirudi. Lakini kingine kama hicho bado kimelala chini, na sasa joto la dunia linapanda: digrii moja na kitu tu, na uwanda ule tayari unatiririka. Maji yanaingia shimoni. Wakubwa wanaolipia safari wanasema hakuna haraka.

Mama Barafu yuko ukumbini saa hii, kwenye mkutano wa hadhara, bendeji mkononi, anawaomba wamrudishe juu kabla yote hayajayeyuka. Wao wanatazama viti vitupu, na viti hivyo wanavihesabu kuwa ni jibu lako. Si kesho. Inuka, nenda ukakalie kimoja.