Alizeti Haijawahi Kushindwa Nyumbani

"Kulia wazi, mita mia mbili, kanyaga!" Radhia alisema kwenye maiki ya helmeti.

Tamimu hakukanyaga. Gari likazidi kupunguza mwendo katikati ya mashamba ya Sepuka, utadhani wanakwenda kutembea sikukuu ya Idi.

"Tamimu! Gari lina nini?"

"Gari zima."

"Sasa? Tunaongoza! Kona chache tu tumalizie Unyambwa. Unataka tushindwe nyumbani?"

Jamani, Timu ya Alizeti haikuanza na makombe. Ilianza na gari bovu lililotelekezwa Shelui, kwenye maegesho ya malori. Mzee Abdulhamidi, baba yake Radhia, alilivuta kwa kamba mpaka uani kwake, akamwambia Tamimu, kijana yatima aliyemchukua kumfundisha ufundi: "Lifufue." Akalifufua kweli. Radhia akakaa pembeni kumsomea njia, na makombe yakaja mpaka kabati la mama likajaa, vikombe vya chai vikahamia jikoni. Na hapa Singida hakuna aliyewahi kuwapita.

Ila leo baada ya alasiri, Abdulmajidi, mfanyabiashara wa mjini, angepewa jibu la posa aliyoleta kwa Radhia. Kijana wa watu hana baya. Lakini alishasema mke wake hatapanda gari la mashindano. Radhia alimwomba baba asubiri mbio ziishe. Alikuwa anangoja mtu mmoja afungue mdomo, na mtu huyo sasa alikuwa ameshika usukani.

"Tukifika mwisho, unashuka," alisema Tamimu.

"Kila siku nashuka."

"Leo ukishuka hupandi tena."

Radhia akageukia dirisha. Nje alizeti zilipita polepole, njano kwa njano, na vumbi nyuma yao halikutaka kutua. Akatamani barabara isiishe.

"Kwa hiyo unaendesha hivi ili..."

"Ili tuchelewe. Sina akili nyingine."

"Siku zote hizi ulikuwa wapi wewe?"

"Nimekula ugali wa mzee, Radhia. Nitaanzaje kumwambia nampenda binti yake? Ataona nimelipa fadhila kwa wizi."

"Kwani unanipenda?"

"Toka siku ya kwanza. Ukisema kushoto nakwenda kushoto, hata kama njia siioni. Unadhani ile ni kazi tu?"

Machozi yakamtoka ndani ya helmeti, hata pa kuyafutia hakuna.

"Mshamba wewe! Nakupenda. Nimekungoja mpaka nimechoka!"

Gari jekundu likawapita kwa honi ndefu. Hakuna aliyelitazama.

Ndipo simu ya Radhia ikatoa mlio wa ujumbe. Stumai, binamu yake: "SHOGA TUNAWASIKIA! UNYAMBWA NZIMA!"

Radhia akainua macho kwenye kamera ndogo ya ndani ya gari. Timu huwarushia mashabiki mbio mubashara, ila sauti hufungwa ili wapinzani wasisikie anavyosoma njia.

"Tamimu, sauti hukufunga?"

"Si unafungaga wewe?"

"Mimi? Yallah!"

Simu ikaita. Baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niwekee Tamimu anisikie."

"Shikamoo, mzee," Tamimu alisema.

"Marahaba. Umeniharibia rekodi yangu ya nyumbani."

"Nisamehe, mzee."

"Gari nilikukabidhi bovu, hukuogopa. Binti yangu mzima ndiyo unamwogopa?"

Mzee akaendelea.

"Abdulmajidi yuko hapa. Kasikia kwa masikio yake, ananiaga kistaarabu. Radhia, nimjibu zaidi?"

"Hapana, baba."

"Basi. Tamimu, tafuta watu wazima waje kwangu kwa utaratibu. Na kanyaga, mwanangu, pilau inapoa!"

Kwenye simu shangwe zikalipuka. Radhia akavuta pumzi.

"Kushoto wazi, mita mia tatu."

"Halafu?"

"Halafu nyumbani."

Tamimu akakanyaga.

Walimaliza wa pili. Siku ya nikaha, wageni walikuta mama amepanga kabati upya: makombe yote ya ushindi kayasogeza nyuma, na mbele kabisa kakiweka kile kikombe kidogo cha nafasi ya pili.