Kioo cha Mwisho Kibarazani

Niwieni radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Nitaleta mzaha pasipo na mzaha, nitaruka ya maana na kung'ang'ania ya kipuuzi, na mbaya zaidi naiandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya kabati la vyombo, kiuno kinaniuma kama cha punda wa kukodi. Kwa nini nimesimama? Tutafika. Tuanze na ukungu.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua la kukausha shuka kabla hujamaliza kulibana kwenye kamba. Mshonaji alikuwa anatia pindo sketi ya sare alipoinua macho, akatazama kupitia dirisha lenye nondo, akaona doa la ukungu kwenye kioo. Halikuwa kubwa, kiasi cha kisosi cha chai. Likatokea, likafifia. Likatokea, likafifia.

Dirisha lile kwa miaka arobaini lilikuwa linatazama nje, kwenye kibaraza cha nyuma na bustani. Sasa lilikuwa linatazama ndani. Kibaraza kilikuwa kimezungushiwa fremu za alumini na vioo kutoka sakafuni hadi darini, kikawa chumba cha jua, na wiki nzima mshonaji akiinua macho alishtuka kidogo kuona chumba mahali palipokuwa na hewa.

Chumba kilijengwa kwa ajili ya baba mkwe wake, mwenye nyumba. Kifua cha mzee kilikuwa kimechakaa kuliko milango ya nyumba yenyewe, na daktari alisema: jua apate, upepo asipate. Mshonaji ndiye aliyeshikilia kijengwe. Alipoolewa hapo hana hili wala lile, mzee ndiye aliyemnunulia cherehani yake ya kwanza, akamwambia, "Usikae unaangaliana na ukuta, mwanangu." Watu wengine wana baba wa kuzaliwa nao. Yeye alimpata huyu ukubwani.

Kazi ilifanywa na Fundi Maneno. Aliitwa hivyo kwa kuwa vioo alijifunza, lakini maneno alizaliwa nayo. Alikuwa na desturi moja aliyoirithi kwa bwana mmoja aliyemfundisha kazi: kabla ya kubandika kioo cha mwisho katika chumba chochote, hugonga fremu mara tatu na kusema, "Nafunga. Asiye wa humu atoke." Bwana wake hakuwahi kumweleza sababu, naye hakuuliza, kwa sababu kuuliza kungemlazimu anyamaze asubiri jibu.

Siku ya kumaliza, kioo cha mwisho kilikuwa cha pembeni, juu ya kijingazi kidogo cha kushukia bustanini. Watu watatu walikuwa wanamtazama: mzee kwenye kiti chake cha kusukwa cha henzirani, mshonaji na trei ya chai, na mumewe, mwalimu wa hesabu, aliyekuja kuhakikisha pembe ni nyuzi tisini. Kando ya mzee kilikuwepo kiti cha pili cha henzirani, cha marehemu mkewe, ambacho hakuna aliyekuwa anakikalia.

Sasa, mpe mtu kama yule hadhira ya watu watatu uone. Aligonga fremu mara tatu, akageuka, akainamisha kichwa kama yuko jukwaani, akatangaza:

"Aliye nje abaki nje! Na aliye ndani, akae kama kwake!"

Wakacheka. Walicheka watatu, vikasikika vicheko vinne. Fundi alifurahi tu, maana mtu wa mzaha hahesabu vicheko, hupokea. Lakini mwalimu wa hesabu, jamani, mwalimu wa hesabu naye akapitwa!

Basi turudi kwenye ukungu. Mshonaji alimwita mumewe.

"Mvuke huo, mke wangu," mwalimu alisema. "Hewa yenye unyevu ikikutana na kioo cha baridi."

"Kioo cha baridi? Hebu kiguse."

Mwalimu akakigusa, akaruka, akatia kidole mdomoni.

"Cha moto," alisema.

"Nilijua."

Mwalimu akaenda zake kusahihisha madaftari. Ndivyo walivyo.

Kesho yake ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya ukuta mkongwe ulionyeshewa, chokaa na udongo na kitu kingine cha chini zaidi, na mvua ilikuwa haijaonekana kwa miezi miwili. Kesho kutwa yake kikaja kiti. Henzirani ina sauti yake mtu anapokaa, na ina sauti nyingine anapojigeuza apate pa kustarehe. Mshonaji alizisikia zote mbili akiwa kwenye cherehani, kisha akamsikia mzee akicheka taratibu na kusema, "Hapana bwana, hiyo ilikuwa zamani." Akasimamisha mguu juu ya kanyagio.

"Baba, unaongea na nani?"

"Punguza sauti, mwanangu. Ndiyo kwanza amesinzia."

Mshonaji alitoka polepole, akasimama mlangoni pa chumba cha jua. Joto mle lilikuwa la kuivisha mkate, lakini mzee alikuwa amejifunga blanketi hadi kidevuni, na midomo yake ilikuwa na rangi ya wino uliotiwa maji.

"Nani amesinzia?"

"Huyu." Mzee hakutazama kiti cha pili. Alikitikisia kichwa tu, kama unavyomtaja mtu aliye karibu. "Siku zote alikuwa anakuja. Tangu mama yenu afariki. Kila alasiri anapanda kile kijingazi cha pembeni, anakaa, jua likizama anakwenda zake. Mimi sikumsemesha, yeye hakunisemesha. Nilimchukulia kama jirani."

"Baba, hukutuambia."

"Ningewaambia nini? Kwamba nina mgeni asiyekunywa chai?" Alikohoa, kikohozi kidogo kisicho na nguvu. "Sasa pale anapopitia pana kioo."

"Si kuna mlango huu?"

"Nimemwonyesha. Anasema mlango si njia yake. Na anasema fundi amemwambia akae kama kwake. Amekubali." Mzee alinong'ona zaidi, ikabidi mshonaji ainame. "Ila kwao, mwanangu, mtu hakai peke yake. Ameniambia kama yeye haondoki, na mimi siondoki."

Mshonaji alitaka kusema maneno ya kumtuliza, yale tunayowaambia wazee, lakini alipoinama hivyo macho yake yalikuwa sambamba na kioo, na akaona doa la ukungu mbele ya kiti kitupu, kubwa sasa kama sinia, likija na kwenda, likija na kwenda, akageuza macho kwenye kioo cha mbele ya mzee, ambaye alikuwa amekisogelea karibu kabisa, pua yake haifiki shubiri moja, akasubiri aone pumzi ya baba yake nayo ikiandika doa lake dogo pale, akasubiri, akahesabu moja hadi kumi kama anavyohesabu mishono, na kioo cha mzee kikabaki kisafi, kikavu, kinang'aa jua, huku kile cha kiti kitupu kikijaa na kufifia kwa pumzi za watu wawili, na alipojitia ujasiri akanyoosha upindo wa kanga yake kukifuta, joto la unyevu likamgonga kwenye kifundo cha mkono, fuu, halafu tena, fuu, na pumzi ile ilikuwa na harufu ya chokaa iliyonyeshewa na, chini yake, harufu ya dawa ya kifua ya mzee.

Alirudi kinyumenyume hadi jikoni, akamshika mumewe shati.

"Anavuta pumzi za baba," alisema. "Njoo tumtoe. Njoo sasa hivi."

Walimshika mzee, huyu kwapa hili na yule kwapa lile. Mtu mwenye kilo hamsini na blanketi lake hakunyanyuka. Kila walipomvuta, kiti cha pili kililia, kama na chenyewe kina mtu anayevutwa kwa upande wake.

"Acheni," mzee alisema. "Mnaniumiza wote watatu."

Mwalimu wa hesabu aliachia mkono. Alihesabu walio chumbani, akahesabu tena, na uso wake ukawa kama karatasi ya mtihani isiyojibiwa.

"Siku ile vilikuwa vinne," alisema.

"Nini vinne?"

"Vicheko."

Mganga aliletwa siku hiyohiyo. Alikuwa mama mfupi mwenye mkoba wa ngozi na miwani iliyofungwa uzi, na hakufanya mambo makubwa. Alinusa. Alitazama kiti cha pili, akakisalimia. Kisha akasikiliza kwa muda, akatoka nje ya chumba.

"Huyu simfukuzi," alisema.

"Kwa nini, mama?" mshonaji aliuliza.

"Kwa sababu hakuvamia. Amekaribishwa, tena kwa kugongewa na kutangaziwa. Mgeni wa namna hiyo huagwa na aliyemkaribisha, wala si na mimi. Mwiteni, na awahi. Jua likizama mgeni akiwa bado ndani, mzee wenu hafiki asubuhi."

Fundi Maneno alifika saa kumi na mbili kasoro, akiwa na maneno yake tayari. "Kama kimepasuka, shemeji, hiyo si kazi yangu, hilo ni jua! Mimi vioo vyangu..." Akamwona mzee. Akaona ukungu. Kwa mara ya kwanza tangu aachishwe ziwa, Fundi Maneno alikosa neno.

Alikata gundi ya kioo cha mwisho kwa kisu, mbiombio hadi akajikata kidole. Jua lilikuwa limegusa miti. Mganga alikuwa ameshika kiganja cha mzee, mshonaji kile kingine, na kilikuwa baridi kama mkasi. Kioo kikatoka. Fundi akakiegemeza ukutani, akagonga fremu mara tatu.

"Nafunga," alisema, na sauti yake haikuwa ya jukwaani. "Nilikosea. Nilikuwa nachekesha watu. Asiye wa humu, tafadhali, atoke."

Halafu henzirani ikalia, ile sauti ya mtu anayeinuka baada ya kukaa sana. Harufu ya chokaa ikapita mbele ya pua zao, taratibu, kwa heshima, ikaelekea pembeni kwenye kijingazi. Mzee akavuta pumzi ndefu yenye mikwaruzo, akaitoa, na kwenye kioo cha mbele yake likaandikika doa dogo la ukungu. Mshonaji aliweka paji la uso juu ya goti la mzee akalia kwa sauti.

Kila kitu kilikuwa kimekwisha vizuri. Kilichobaki ni watu kunyamaza tu. Lakini Fundi Maneno alikuwa amelelewa na mama mwenye adabu, na mgeni alikuwa anapita mbele yake anaondoka, na kinywa chake hakina breki.

"Haya, asante kwa kuja," alisema. "Na kwangu pia karibu."

Mganga alivua miwani.

"Umesema nini wewe?"

"Ni... ni adabu tu, mama."

"Adabu," mganga alisema, akaivaa tena, akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekwishapanda basi lisilo lake.

Mzee yuko hai hadi leo, anakula, anamtania mwalimu wa hesabu. Ile pembe ya kijingazi waliiacha bila kioo. Mshonaji ameishonea pazia zito la kuzuia upepo. Kiti cha pili kipo, kitupu kweli.

Mimi pia nilikuwa na kiti, kizuri tu, cha mto, pale karibu na dirisha. Tangu jioni ile niliposhindwa kunyamaza, kina mwenyewe, na kioo cha dirisha langu hakikauki. Msimlaumu mgeni. Yeye maskini alikuwa anakwenda zake.