Meneja Katika Shamba la Silvana

Jirani zangu wa Msanzi, na hasa ninyi kina mama ambao waume zenu wako makazini mbali, nipeni masikio kidogo. Yaliyompata Oswaldi yanaweza kumpata mwanamume yeyote aliyezoea kukaa nyuma ya meza kubwa, na siku hizi mashirika yanapouzwa, wanaume wa namna hiyo wanarudi nyumbani kila kukicha.

Ilikuwa asubuhi tulivu ya Januari, mwaka tisini na sita. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na ukungu ulikuwa unapanda polepole kutoka bondeni. Silvana alikuwa jikoni akikoroga uji wa ulezi, kuku wakichokora uani. Mumewe, Oswaldi, alikuwa ametoka Dar es Salaam wiki mbili zilizopita, safari hii na masanduku yake yote. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na nane katika shirika moja la maghala, na miaka tisa ya mwisho alikuwa meneja. Shirika likauzwa. Wenye mali wapya wakamuaga kwa mikono miwili, wakamwachia kijikazi cha kukagua ghala lao la Sumbawanga siku mbili kila mwezi. Basi akawa nusu mstaafu, nusu mtumishi, na nusu hizo mbili hazikuelewana hata siku moja.

Silvana alikuwa na furaha ya kweli. Miaka yote hiyo alikuwa amebaki Msanzi na shamba na watoto, mume akimwona siku za likizo tu. Alijua anampokea mwenzake. Maskini, hakujua kwamba aliyerudi alikuwa bado meneja.

"Mama Angela," sauti ilitoka barazani, "sasa ni saa moja na dakika kumi. Uji tulisema saa moja kamili."

"Kuni zimelowa, Baba Angela."

"Hizo ni sababu. Mimi nataka matokeo."

Silvana alicheka akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Jumatatu iliyofuata aliitwa kwenye kikao barazani, mwenyekiti Oswaldi, mjumbe yeye peke yake, na ajenda ya kwanza ikawa kuku. Ya pili ilikuwa mahali pa kuegemeza majembe. Msicheke sana, maana wapo kati yetu wenye vikao vya namna hiyo nyumbani, isipokuwa hawaviiti vikao.

Ukweli ni kwamba Oswaldi hakuweza kutulia. Alihamisha kabati, akalirudisha. Kila lori liliponguruma alitoka hadi barabarani kulitazama, kisha akarudi akiangalia saa yake. Siku mbili za kwenda Sumbawanga alizisubiri mwezi mzima. Viatu alivipiga rangi tangu juzi yake. Huko ghalani aliitwa bosi, na aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba.

Mwezi wa Machi barua ikaja. Wenye mali walikuwa wamepata kijana wa kukaa Sumbawanga moja kwa moja, wakamshukuru kwa utumishi wake. Oswaldi aliisoma akiwa amesimama barabarani, akaikunja ikawa ndogo sana, akaiweka mfukoni. Hakumwambia mtu. Aliogopa, nasema wazi. Aliogopa kuwa mtu asiye na kazi mbele ya mke ambaye kazi haijawahi kumwishia. Na hofu ile, badala ya kuisema, akaipeleka shambani.

Machi sisi Wafipa tunajua ni mwezi gani. Mvua zikielekea ukingoni na ardhi ikiwa bado laini, ndipo tunapokata nyasi pamoja na udongo wake na kuupindua kuwa matuta ya mviringo. Nyasi zinaozea humo ndani, na msimu unaofuata tuta linavunjwa, ulezi unapandwa. Ukichelewa ardhi inakauka, jembe halipiti, na mwaka unaofuata huna ulezi. Kazi hiyo mtu mmoja haimalizi. Kwa hiyo mwenye shamba anapika pombe na kualika jirani, leo kwake, kesho kwa mwingine, mpaka kijiji kizima kimepata matuta. Silvana alikuwa katika mzunguko huo tangu aolewe. Hakuwahi kukosa shamba la mtu, na hakuna mtu aliyewahi kukosa lake.

Siku aliyoalika yeye, watu ishirini na wawili walifika. Wakamkuta Oswaldi ukingoni mwa shamba, amevaa tai, ameketi kwenye meza aliyoibeba kutoka sebuleni. Mezani palikuwa na daftari. Kila mmoja aandike jina, saa ya kufika, na sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Watu walicheka wakaweka madole, wakidhani ni mchezo wa mjini. Kisha akaanza kupita katikati yao na fimbo ya kupimia, akamwamuru Polikarp, mzee mzima mwenye wajukuu, avunje tuta lake alirudie.

Ilipofika saa tatu akaja Leonia, shoga yake Silvana, bibi wa miaka sitini na kitu, jembe begani, anatembea kwa haraka. Oswaldi hata shikamoo hakumpa.

"Umechelewa saa mbili na robo."

"Nimepitia kwa mgonjwa, mwanangu."

"Kila mtu ana mgonjwa. Leo huna mahudhurio, na pombe ni ya waliofika kwa wakati."

Leonia akageuka, akashika njia aliyojia. Polikarp akaacha tuta lake nusu, akafuta jembe kwenye nyasi, akamfuata. Kisha mwingine, na mwingine. Hakuna aliyegomba wala kutukana. Katika muda mfupi shambani wakabaki mke na mume na vyungu vya pombe vilivyojaa.

"Wavivu wakubwa," alisema Oswaldi.

Silvana alikaa chini juu ya udongo. "Mtoto wetu Nestory alipokufa kwa surua," alisema, "wewe ulikuwa kwenye semina. Ulifika siku ya nne. Unajua nani alimwosha?"

Oswaldi aliitazama fimbo yake ya kupimia.

"Leonia," Silvana akajijibu. "Na kaburi alichimba Polikarp, kwenye mvua. Nani aliwaandika mahudhurio?"

Silvana alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Walimpokea vizuri, wakampa kigoda, wakamuuliza hali. "Sisi na wewe hatuna neno," walimwambia. "Ila hatuwezi kuja kuandikwa." Tangu siku hiyo hawakumwalika tena, kwa sababu ukimwalika mtu shambani kwako ni lazima nawe uende kwake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Silvana alisikia nyimbo za matuta zikitoka mashamba ya wenzake na hakuna aliyemwita. Jambo hilo lilimuuma kuliko njaa.

Akaamua kulima peke yake. Oswaldi alimwambia angoje, yeye anaandaa mpango mpya. Mpango ulikuwa karatasini, na mvua hazikuwa zinangoja. Wiki tatu Silvana alipindua udongo akilowa asubuhi na kukaukia mwilini mchana. Wiki ya nne alianguka shambani na homa ya mapafu.

Waliombeba ni wale wale. Polikarp na wanaume watatu walimlaza kwenye machela, Leonia akitangulia njia hadi barabarani, wakasimamisha lori lililokuwa linakwenda Sumbawanga. Walipita mbele ya Oswaldi na hakuna aliyemsemesha. Alikimbia nyuma yao mikono mitupu, kwa maana hawakumwachia hata pembe ya machela ya kushika.

Silvana alilazwa hospitali mwezi mzima. Alipotoka, binti yao Angela, aliyeolewa Mwimbi, akamchukua kwake. Oswaldi alimfuata huko kumrudisha nyumbani.

"Baba, shikamoo," alisema Angela. "Mama harudi kulima peke yake. Nisamehe, lakini harudi."

Oswaldi akamgeukia mkewe, akitegemea atamkemea binti. Silvana alikuwa amejifunika blanketi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka ishirini na nane nilikaa bila mume, lakini nilikuwa na jirani," alisema. "Sasa nina mume, jirani sina. Bora ile ya kwanza."

Oswaldi alirudi Msanzi peke yake. Alikaa katika nyumba ambayo hakuna aliyechelewa, kwa sababu hakukuwa na mtu. Msimu wa kupanda ulipofika hakuwa na ulezi wa maana, ila kwenye yale matuta machache ya Silvana.

Machi nyingine ikaja. Asubuhi moja alisikia watu wanaelekea kwa Polikarp. Hakuwa amealikwa. Alichukua jembe, akaenda, akamkuta Leonia njiani. "Shikamoo, Mama," alisema.

Bibi aliitikia. "Marahaba."

Basi, ni hilo tu. Oswaldi alilima hadi jua la mchana, matuta yake yakiwa yamepinda, viganja vikitoka malengelenge. Pombe ilipoletwa aliaga akaenda zake, kwa kuwa si mwalikwa. Kesho yake akaenda shamba jingine, na jingine. Katika shamba la saba, wakipumzika, alisogea alipokaa Leonia.

"Mama, kazi ya Sumbawanga waliniachisha tangu mwaka jana. Hata Silvana sikumwambia."

"Tulijua," alisema Leonia. "Dereva wa lori aliyekuletea barua alitueleza wiki ile ile."

"Mbona hamkusema?"

"Tulikuwa tunangoja useme wewe. Ungesema, tungekupa pole."

Oswaldi aliinamisha kichwa, na machozi yakamtoka mbele ya watu, mtu mzima yule.

Wiki mbili baadaye aliamka akasikia majembe karibu sana. Alitoka akakuta shamba la Silvana limejaa watu. Pombe ilikuwa imepikwa kwa Leonia. Chini ya mwavuli, kwenye mkeka, aliketi Silvana, amekonda, ameletwa na Angela.

"Hatukuja kwako," Leonia alimwambia. "Tumekuja kwa Silvana."

"Najua, Mama."

Akamwendea mkewe na jembe mkononi, asijue aseme nini. "Mama Angela," alisema mwishowe, "nianzie wapi?"

Silvana akamwonyesha mahali palipoachwa wazi, karibu na mkeka wake. Oswaldi akainama akaanza. Silvana hakushika jembe siku ile, wala hajalishika tena mpaka leo. Kifua chake hakikupona, na kila tuta ambalo angelilima yeye, sasa analilima mumewe.

Funzo

Wazazi wenzangu, cheo ni cha ofisini. Siku ya kuondoka kiachieni mlinzi wa getini. Unaporudi nyumbani unakuta watu waliokuwa wakiishi, wakilima na kuzikana bila wewe, na wanajua mambo ambayo hakuna semina iliyokufundisha. Waulize kabla ya kuwaamuru. Na kama kazi imekwisha na moyo hautulii, mwambie mkeo, mwambie jirani. Kusema hakumpunguzii mtu heshima. Oswaldi alisamehewa, lakini pumzi za Silvana hazikurudi, na sijui msamaha gani ungeweza kuzirudisha.